Mparachichi wa Nyuma ya Nyumba

Watu wa Keroka wakitaka kujua kama mti ulio uani mwao ukatwe au uachwe, huniita mimi. Sina cheti. Nina shoka dogo la mpini mfupi, miwani jozi mbili kwa sababu moja hupotea, na sifa ambayo sikuifanyia kazi. Husema, "Mwite Mzee Rajabu, huyo hakufichi." Mara ya kwanza kuyasikia maneno hayo niligeuka nyuma nikidhani kuna Rajabu mwingine. Nikawahesabu waliokuwa barabarani, nikawahesabu tena. Rajabu alikuwa mmoja.

Mwezi uliopita kijana fulani alinipigia simu kutoka Kebirigo. Alisema nyanya yake ana mti karibu na nyumba, na mvua zinakuja, na anataka nije niuangalie. Nikamuuliza ninayowauliza wote: ni mti gani, umeinamia wapi, kuna uyoga kwenye shina, udongo umeinuka upande mmoja? Akajibu vizuri, kijana mwenye macho. Mwisho nikamuuliza jina la nyanya yake, maana mimi huandika majina mwisho, baada ya miti. Akasema, "Ni Kerubo. Anasema mnajuana." Nilikuwa nimesimama kwenye yadi yangu ya mbao. Nikatafuta ubao wa kukalia, na yadi nzima ni mbao, lakini ilinichukua muda kuupata.

Mwaka tuliojuana na Kerubo nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilikuwa mpandaji wa Makori. Kila fundi mwenye msumeno wa injini, ule ambao watu wote waliuita pawasoo, alihitaji mtu mwepesi wa kupanda juu na kamba na kupunguza matawi kabla shina halijaangushwa. Huyo ndiye mpandaji, na akianguka huitwa marehemu. Tulilala mimi na msumeno katika chumba kimoja cha mabati nyuma ya stendi ya Keroka, chumba kilichonuka petroli na utomvu hata nguo zangu za Ijumaa zikanuka msituni. Asubuhi tulikunywa chai kwenye hoteli ya Mama Zuhura, chai na ndizi za kuchemsha, na hapo ndipo Makori alipofundisha. Hakuwa mtu wa kukaa chini akaeleza. Alikuwa akigonga meza kwa mpini wa kisu. "Sikia hii," alisema, akagonga katikati ya meza. "Sasa sikia hii," akagonga pale juu ya mtoto wa meza. "Umesikia tofauti? Basi mti ni hivyo hivyo. Gonga chini, gonga kiunoni, zunguka. Mti uliooza ndani hujibu kama debe." Mama Zuhura alimwambia meza yake si mti. Kwa mwezi mmoja nikagonga kila kilichosimama, nguzo za simu, milango ya watu, na siku moja mguu wa meza alipokuwa ameketi polisi. Nilikuwa na sikio. Hilo nalisema bila kujisifu, kwa sababu ningekuwa kiziwi nisingekuwa na jambo la kuandika hapa.

Kazi yetu ilikuwa kununua miti ikiwa imesimama. Unafika kwa mtu, unatembea naye shambani, unahesabu mashina, unahesabu tena ukirudi, kwa sababu njia ya kwenda na njia ya kurudi hazitoi hesabu moja mwenye shamba akiwa anaongea. Halafu mnaanza kuvutana. Na wenyeji wa huko walikuwa na desturi moja kwenye mapatano, wakiita nyongeza. Ukinunua miti ya mtu, na ana mti mwingine uani unaomtisha, mti mbovu usio na mbao, utamwangushia huo bure kabla hujaondoka. Ni haki yake. Mnunuzi mwerevu alijua jinsi ya kuikwepa nyongeza. Mkaratusi wa mbao wenyewe unaangusha popote palipo wazi, umemaliza. Mti mbovu juu ya nyumba unataka kamba, unataka kuushusha kipande kwa kipande, siku mbili nzima, na aliye juu anakanyaga tawi asilojua kama liko pamoja na mti au limebaki hapo kwa mazoea.

Mzee Nyakundi alikuwa na mikaratusi minane kando ya kijito, karibu na Kebirigo. Alikuwa mjane, mtu mrefu wa kanisa la Sabato, mwenye koti moja ambalo alilivaa hata akikamua ng'ombe. Mwanawe alikuwa ameajiriwa kwenye mashamba ya chai ya Kericho, na mke wa mwanawe, Kerubo, alikuwa ameletwa pale miezi minne tu. Nyumba zao mbili zilitazamana, ya mzee juu, ya vijana chini kidogo, ya udongo na paa la mabati mapya. Nyuma ya ile ya chini ulisimama mparachichi mkubwa, umeitandaza mikono yake juu ya paa lote. Ulikuwa umezaa mpaka matawi yameinama. Watu wengi hudhani mti unaozaa sana una afya. Mti unaokufa nao huzaa sana. Ni kama unagawa mali.

Tulivutana juu ya mikaratusi asubuhi nzima. Makori alisema ina mafundo. Mzee akasema mafundo ni ya mtu aliyeiangalia. Makori akasema lori halitafika kijitoni. Mzee akasema lori lilifika kwa jirani, na jirani hana barabara, ana mdomo tu. Nilimpenda hapo hapo. Mchana alinichukua kando na kunipa kuku aliyefungwa miguu, na kisu. "Nimeambiwa nyinyi watu wa msikiti mnachinja wenyewe," alisema. "Shika. Sitaki ule kwangu ukiwa na wasiwasi." Nilichinja. Kerubo akampika, akatuletea na obokima, ugali wa wimbi, na mboga chungu, akaweka sinia mezani akiwa ametazama chini, akaondoka. Mzee hakuinua macho mpaka alipotoka. Sikuona ukali wowote baina yao. Walikuwa makini, kama watu wawili wanaobeba kitu kimoja cha kioo. Mimi ni mtoto wa mjini, lakini nilikuwa nimekaa nao vya kutosha kujua neno hilo: chinsoni, heshima na haya baina ya mkwe na mke wa mwanawe. Baba mkwe haingii nyumba ile. Hakai kwenye kiti chake, hamshiki mkono. Na nyuma ya nyumba, penye kibafu cha magunia anapoogea yule mwanamke, hapiti kabisa, hata ng'ombe wake akikimbilia huko.

Baada ya kula mzee akanawa, akasema, "Kuna neno la nyongeza."

Makori akatazama dari.

"Hiyo mti ya nyuma. Usiku naisikia ikilia. Inaweza kuwa upepo, inaweza kuwa mti. Mimi siwezi kwenda huko kuiangalia, mnajua. Kijana wangu yuko Kericho, na majirani ni ndugu zangu, wako na haya kama mimi." Akanigeukia. "Wewe si wa kwetu. Wewe unaweza kupita. Nenda unigongee. Ukisema ni nzima, iache, tunakula matunda yake. Ukisema imeoza, mtaniangushia. Nitachukua neno lako."

Nilipita kando ya nyumba na kukohoa kama inavyotakiwa. Kibafuni kulikuwa na maji yakimwagwa, kisha yakatulia. Nikauendea mti kwa upande wa pili. Sikuhitaji hata kugonga. Chini ya shina kulikuwa na uyoga wa rangi ya maini, mmoja juu ya mwingine, na upande wa kijito udongo ulikuwa umepasuka mstari ambao ungeweza kuingiza vidole. Lakini niligonga, kwa sababu nilikuwa nimetumwa kugonga. Chini, ukajibu kama debe. Kiunoni, ukajibu kama debe. Nikarudia pande zote mbili. Kisha nikainua macho, nikaona pale ambapo ningelazimika kusimama kuanza kuukata, tawi la juu upande wa mabati, na nikahisi nyayo zangu zikilowa ndani ya viatu. Makori alikuwa ameahidi kufika Ogembo kwa mteja mwingine kesho kutwa. Nilikuwa nimeahidiwa Ijumaa ya mapumziko. Haya yote niliyapima pale pale, na sikuchukua muda mrefu. Najua kwa sababu maji ya kibafuni yalikuwa bado hayajaanza tena.

Nilirudi nikamwambia, "Ni mzima, Tata."

Nilimwita Tata, yaani baba, kwa lugha yake. Hakuna aliyenilazimisha. Nililiweka hilo neno mwishoni kama mchuuzi anayeongeza nyanya moja juu ya fungu ili mnunuzi asichunguze zile za chini. Mzee akatikisa kichwa, akasema, "Asante, mwanangu. Sasa nitalala."

Wiki sita baadaye ilinyesha mvua ya mawe, alasiri. Mimi nilikuwa Keroka, na habari niliipata hoteli kwa Mama Zuhura, nikiwa nimempa mgongo kila mtu. Meza ya nyuma walikuwa madereva wawili wa malori ya ndizi na mtu wa Kebirigo aliyekuja na habari. Mparachichi ulikuwa umeng'oka na kulala juu ya ile nyumba ya chini, na Kerubo alikuwa ndani, amebanwa na boriti, anapiga kelele. Watu walikuwa mbali, mvua inapiga. Aliyekuwa karibu ni mmoja.

"Kwa hivyo mzee akaingia?" dereva mmoja akauliza.

"Akaingia."

"Nyumba ya mke wa mtoto wake."

"Ndiyo nakwambia."

"Aliingia kwa mlango ama kwa dirisha?"

"Mlango gani? Nyumba ilikuwa imefunguka yote."

"Basi hakuingia. Nyumba bila ukuta si nyumba, ni shamba."

"Enda umwambie hivyo mbele ya wazee wa ukoo."

"Na akamshika?"

"Sasa angemtoa kwa macho?"

Wakacheka. Mwingine akasema, "Alikuwa anaoga ama amevaa?" na hapo wakacheka mpaka Mama Zuhura akawaambia hoteli yake si kilabu. Kisha yule wa Kebirigo akasema kwa sauti ya kawaida, "Mguu umeharibika. Paja hapa. Hatachuma chai tena huyo kwenye miteremko." Akavuta kikombe chake. "Lakini si watu wa pawasoo walikuwa hapo juzi? Hawakuona?"

"Hao huona mbao," dereva akasema. "Hawaoni mti."

Kwenye sahani yangu kulikuwa na mandazi matatu. Nikayahesabu tena. Matatu. Niliyaacha, na Mama Zuhura, ambaye hakuwahi kuniona nikiacha chakula, alinitazama muda mrefu. Jioni Makori aliniuliza, akiwa anainoa minyororo ya msumeno, "Uligonga ule mti?" Nikasema niligonga. "Ukasikia nini?" Sikujibu. Akaendelea kunoa jino moja ambalo tayari lilikuwa kali. "Basi usiwahi kunijibu," akasema. Nimefikiria sana maneno hayo, na bado sijui kama alinisaidia au alijisaidia.

Walichofanya kwao nilikisikia vipande vipande. Wazee wa kanisa walisema hapana haja ya chochote. Kuokoa maisha si dhambi, hata ng'ombe hutolewa shimoni siku ya Sabato. Wazee wa ukoo wakasema ng'ombe si mke wa mwanao, na lazima mbuzi achinjwe, la sivyo mzee hatakula tena chakula kilichopikwa na mikono ya yule mwanamke. Mzee Nyakundi aliombewa na wa kwanza na kumchinja mbuzi kwa wa pili. Na bado, walisema, akipita njiani watoto walikuwa wakiimba kitu.

Wiki ya tatu akaja Keroka. Nilimwona kutoka mbali, koti lile, na mkungu wa ndizi begani. Kulikuwa na Makori na wateja wawili, wakitazama mbao. Nikajua amekuja kunitukana, na nitasema ukweli nilifurahi. Ningetukanwa, ningelia, ingekwisha. Akautua mkungu miguuni pangu, akavua kofia.

"Nimekuja kwa ajili ya huyu kijana," akawaambia wote. "Huko kwetu wanasema alinidanganya kuhusu mti. Nimekuja kusema mbele yake kwamba si kweli." Akanigeukia. "Nilikutuma vibaya, mwanangu. Nilikutuma nyuma ya nyumba, na mke wa mwanangu alikuwa anaoga. Nilikuja kujua baadaye. Kijana aliyelelewa vizuri atasogea huko? Hukusogea. Uliona haya, ukatazama kwa mbali, ukarudi. Mimi ndiye nilikuweka kwenye aibu. Sivyo?"

Kila mtu alinitazama. Makori alitazama mbao.

Nimeuza na kununua maisha yangu yote, na sijawahi kuletewa mapatano kama yale. Mtu mwenyewe aliyeumia alikuwa amenitengenezea mlango wa kutokea, ameupaka rangi, na ameleta ndizi juu yake. Nilichotakiwa ni kupita. "Ndiyo, Tata," nikasema. "Niliona haya."

Akaniwekea mkono kichwani. Wateja wakasema huyo ni mzee kweli. Uongo wa kwanza niliusema kwa sababu ya woga na uvivu, na kijana wa miaka kumi na tisa ana akiba ya vyote viwili. Wa pili niliusema nikiwa nimetulia kabisa, nikitumia heshima ya kwao kama kivuli cha kujifunikia, na yeye akarudi Kebirigo akiamini kwamba katika jambo lile watu wawili walikuwa na haya: yeye na mimi. Ndizi zile tulizila. Zilikuwa nzuri.

Mwaka huo haukuisha nikiwa kwa Makori. Nilipata kazi nyingine, kisha nikarudi kwenye miti peke yangu, na tangu hapo sijamwambia mtu yeyote kwamba mti ni mzima hali si mzima. Hiyo ndiyo sifa watu wanayoisema. Nimewapotezea watu kivuli, nimegombana na wajane juu ya misonobari iliyopandwa na waume zao, nimepanda mwenyewe kwa kamba hadi magoti yaliponikatalia. Nilidhani naweza kulipia nyumba moja kwa nyumba nyingine. Kwa mzee Nyakundi sikurudi. Alipofariki nilisikia siku ileile, na nilikuwa na gari, na nilikuwa na nafasi.

Basi nikaenda Kebirigo mwezi uliopita. Nyumba sasa ni ya matofali. Kerubo alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki barazani, mguu mmoja umenyooka mbele, na pembeni alikuwa yule mjukuu wa simu, Evans, na fundi kijana aliyeegemea msumeno wake. Nikamsalimu, "Bwakire, Mama." Akaitikia, akaniangalia kuanzia viatuni kwenda juu. "Umezeeka," akasema. Nikasema wote. "Mimi nilizeeka mapema," akasema, bila uchungu, kama anayetaja siku ya soko.

Mti ulikuwa mgrevilea, hatua nne kutoka ukutani, mnyoofu kama nguzo. Nikachukua muda. Niligonga chini, nikagonga kiunoni, nikazunguka, nikarudia. Nikachimba kando ya mizizi kwa mkono. Nikavaa miwani ya pili. Hakuna uyoga, hakuna ufa, hakuna unga wa wadudu. Ulijibu kwa sauti fupi, ya mti uliojaa.

"Ni mzima, Mama," nikasema. "Hauna haja ya kuondolewa. Utatuzika wengi wetu."

Alitikisa kichwa polepole. Kisha akamwambia fundi, "Ukate."

Evans akasema, "Nyanya, si amesema iko fiti?"

"Nimemsikia."

Kerubo akanionyesha kiti, nikakaa, akangoja fundi na Evans wasogee na kamba. "Nilikuwa kwenye bafu siku ile," akasema kwa sauti ya chini. "Nilisikia mti ukijibu. Mimi nimekulia kwa baba mwenye mizinga ya nyuki. Najua kitu kitupu kikigongwa. Lakini bibi arusi wa miezi minne, niko na maji mwilini, ningemwita mkwe wangu nimwambie nini? Na nikasema, huyu kijana ndiye fundi, amesikia kuliko mimi. Nikalala chini yake wiki sita."

"Mama," nikasema, "mzee alidhani niliona haya. Sikuona haya."

"Najua. Mwenye haya hagongi akarudia."

"Ulimwambia?"

"Nimwambie?" Alinitazama kana kwamba nimemwomba afanye jambo la aibu. "Alikuwa amepoteza vya kutosha. Watoto walikuwa wakimwimbia. Alikuwa na kitu kimoja cha kujivunia, kwamba yule kijana wa msikiti alikuwa na adabu. Alikitaja mpaka kitandani. Ningemnyang'anya?"

Msumeno ukawaka, na kwa muda hatukuweza kusema. Nikainama sikioni mwake na kuuliza kwa nini basi ameniita, kama alikuwa ameshaamua.

"Nilitaka kukusikia ukisema," akasema. "Na mti ni lazima uende, mzima au mbovu. Yule mzee ameshakufa. Ukiniangukia, nani amebaki wa kuingia?"

Mgrevilea ukaanguka vizuri, upande wa shamba, kama fundi alivyopanga. Kerubo akaomba mkono, nikamwinua, tukaenda taratibu hadi kwenye kisiki. Akainama, akakipangusa vumbi kwa kiganja, akakitazama kutoka ukingoni hadi moyoni. Hapakuwa na hata tundu la mdudu.

"Kumbe leo ulisema kweli," akasema.

Kisha akaniachia mkono, akamwita Evans aanze na matawi yaliyoziba njia ya mlangoni, na akarudi ndani akishika ukuta.